Sindano Kavu Katika Bega la Baba

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Kasongo, Mkoa wa Maniema
Jumatano, tarehe 15 Novemba 2023, saa tatu asubuhi

Jina: Latifa Lukumani
Umri: miaka kumi na saba
Kazi: mwanafunzi, mwaka wa tano wa sekondari, tawi la ualimu
Makao: Kasongo mjini, nyuma ya soko, nyumbani kwa baba yangu
Mpokeaji wa maelezo: Afisa Octave Sumaili

Afisa ameniuliza kama nitasema naye aandike, au niandike mwenyewe. Nimeomba kuandika mwenyewe, kwa sababu nikisema huenda nikalia, na nikilia nitasahau mpangilio. Maneno ya watu nimeyaandika kama walivyoyatamka. Sikulazimishwa na mtu kuja hapa.

Mimi ni mtoto wa Lukumani Ramazani, mgonjwa anayetajwa katika mashtaka haya. Mashtaka yameletwa na baba mdogo Djamali, ndugu yake baba, fundi wa nguo pale sokoni. Anayeshitakiwa ni Bwana Placide Kalonda, ambaye sisi tunamwita Kinesi Placide. Yeye hutibu misuli na viungo katika kituo cha afya cha mtaa wetu. Mama yangu mzazi yuko Nyangwe, anamuuguza bibi. Nyumbani naishi na baba na dada yake, shangazi Mwanvua, aliyenilea tangu nikiwa mdogo.

Baba hufanya kazi ya baiskeli. Hapandi, husukuma. Anachukua karanga na mawese Kabambare, anapita Wamaza, anakuja kuuza Kasongo. Mzigo ukishafungwa, baiskeli haionekani tena. Unaona magunia na mtu aliyeinama nyuma yake. Mkono wa kushoto hushika fimbo iliyofungwa kwenye usukani, na bega la kulia ndilo linalosukuma gunia. Mvua ikinyesha, tope la njia ile hushika magurudumu, na bega hufanya kazi mara mbili. Baba amefanya hivyo tangu kabla sijazaliwa.

Mnamo Jumamosi, tarehe 4 Novemba, baba alifika kutoka Kabambare adhuhuri. Aliegemeza baiskeli ukutani, akakaa chini, hakufungua mzigo. Nilimletea maji. Alipokea kikombe kwa mkono wa kushoto. Shingo yake ilikuwa imegeukia upande mmoja. Wakati wa kuswali nilimwona ananyanyua mikono, kama tunavyofanya mwanzo wa swala. Wa kushoto ulifika sikioni. Wa kulia uliishia kifuani. Alijaribu tena, akaacha, akaswali hivyo hivyo.

Shangazi alimkanda kwa maji ya moto jioni ile na siku iliyofuata. Haikusaidia.

Mnamo Jumatatu, tarehe 6 Novemba, kiasi cha saa nane mchana, nilitoka shule nikawafuata baba na shangazi kwenye kituo cha afya. Iliasi, rafiki yake baba wa kazi ya baiskeli, alikuwa pale pia, anangojea kutibiwa goti lake. Yaliyofuata niliyaona yote, kwa kuwa chumba cha kinesi ni kidogo na mlango hubaki wazi kwa joto.

Kinesi Placide alimkalisha baba juu ya kiti, akatafuta kwa kidole gumba kati ya shingo na bega. Alikwenda taratibu. Mahali fulani baba alishtuka.

Kinesi akasema: "Papa Lukumani, iko kifundo hapa. Nikigusa hivi, unasikia inapanda mpaka kwa kichwa?"

Baba akasema: "Kabisa! Inafika nyuma ya jicho. Wewe ulijua namna gani?"

Kinesi alimweleza kwamba msuli ukibebeshwa mzigo kila siku hujikaza, na sehemu moja yake husahau kulegea. Alisema atamchoma sindano nyembamba mahali pale penye kifundo, msuli uruke kidogo, kisha uachilie. Alichora duara ndogo kwa kalamu ya bic ya buluu kila mahali alipopata kifundo. Zilikuwa duara nne. Alinawa mikono, akapangusa ngozi kwa pamba yenye alkoli, akararua pakiti mpya mbele yetu. Sindano ilikuwa nyembamba kama unywele mgumu wa ufagio. Haikuwa na bomba nyuma yake.

Baba alianza kutoka jasho. Iliasi akacheka mlangoni: "Eh, Luku! Mulima ya Wamaza unapanda na magunia, sasa kasindano haka ndiko kanakutoa jasho? Nitaenda kusema Kabambare!"

Baba akamwambia: "Funga kinywa, goti yako iko nyuma yangu kwa mustari."

Sindano ilipoingia, niliona msuli wa baba ukiruka wenyewe chini ya ngozi, kama samaki anayegusa uso wa maji kisha akarudi chini. Baba alitoa sauti moja tu. Kinesi alifanya hivyo kwenye duara zote nne, na kila sindano aliyoitoa aliitia ndani ya sanduku la njano. Damu haikutoka, ila tone moja dogo ambalo alilifuta.

Shangazi alikuwa amesimama karibu muda wote. Aliuliza: "Na dawa? Dawa unaweka saa ngapi?"

Kinesi akajibu: "Haiko na dawa, mama. Sindano hii ni kavu. Kazi yake ni kuamusha musuli tu. Leo na kesho atasikia maumivu kidogo, ni kawaida. Anywe maji, atembeze mukono pole pole. Musipake kitu juu ya ngozi."

Alisema hayo akiwa ameinama anafunga sanduku lake. Naandika jambo hili dogo la kuinama kwa sababu baadaye lilikuwa na maana.

Tulitoka. Mlangoni baba alinyanyua mkono wa kulia ili aweke kofia yake. Ukafika. Akautazama kama mkono wa mtu mwingine. Kesho yake alfajiri alipoanza kuswali, mikono yote miwili ilifika masikioni. Niliona. Sitasahau.

Mnamo Jumanne, tarehe 7 Novemba, nilirudi kutoka shule kiasi cha saa saba mchana. Nilimkuta baba amelala kifudifudi juu ya mkeka barazani, shati amelivua. Shangazi Mwanvua alikuwa amepiga magoti kando yake. Alikuwa na wembe mpya na kopo la maziwa lenye dawa nyeusi. Dawa ile naijua. Ni mizizi iliyochomwa hadi kuwa majivu, ikasagwa na kuchanganywa na mawese. Nina alama zake mimi mwenyewe mgongoni, nilizochanjwa nilipokuwa mdogo na kifua changu kilikuwa kinabana.

Duara za bic zilikuwa bado zinaonekana. Ndani ya kila duara shangazi alikata mistari miwili mifupi, akabonyeza majivu yale kwa kidole mpaka yakaingia.

Nilisema: "Shangazi, kinesi alisema tusipake kitu."

Alinijibu bila kuacha kazi: "Latifa, mutoto ya watu aliona haya. Dawa ilimuishia. Wewe hukuona alivyoinamisha uso? Uso ule mimi naujua. Niliuona siku nilipokupeleka na homa, wakaniambia hakuna kitu kwa kabati, niende kutafuta kwa soko. Muganga yeyote asiye na dawa anatazama chini."

Nikasema: "Lakini alieleza kwamba haihitaji."

Akasema: "Alieleza vizuri, nilisikia. Mutu mwenye adabu hawezi kusema 'sina'. Amefungua mulango ya dawa mara nne kwa mwili wa ndugu yangu, hakuwa na cha kuingiza. Sasa tuache wazi? Mimi namumalizia kazi yake. Na yeye hatajua, haya haitamupata."

Baba akasema, uso wake ukiwa juu ya mkeka: "Muache, Latifa. Dada yangu anajua."

Nilikwenda kufanya zoezi langu la hesabu. Naomba afisa aelewe kwamba shangazi hakufanya kwa siri wala kwa ubaya. Alifanya mchana, barazani, mlango wa ua ukiwa wazi. Baba mdogo Djamali hakuwapo. Alikuwa sokoni kwenye cherehani yake, kwa hiyo hakuona, na hakuna aliyemwambia, kwa kuwa kwetu kuchanjwa si habari ya kumwambia mtu.

Mnamo Ijumaa, tarehe 10 Novemba, bega la baba lilianza kuvimba. Jumamosi lilikuwa jekundu na la moto, na ngozi ilikuwa imenyooka hadi mistari ya wembe haikuonekana tena ila kwa kuangalia karibu. Jumapili baba alitetemeka kwa homa. Mkono haukufika hata kifuani.

Jumapili hiyo baba mdogo Djamali alikuja baada ya kufunga kazi. Aliuliza kinesi alifanya nini hasa. Shangazi alimwambia juu ya sindano kavu. Baba mdogo alikasirika sana.

Alisema: "Sindano bila dawa? Mimi ni fundi ya nguo! Hata mimi naweka uzi! Sindano bila uzi ni kutoboa nguo ya mutu bure. Huyu ametoboa ndugu yangu bure!"

Shangazi hakutaja wembe wala majivu. Wakati ule naamini hakuwa anaficha. Dawa ile aliipata kwa mama yake, na haikuwahi kumdhuru mtu machoni pake. Alikuwa anafikiri kama baba mdogo, kwamba ubaya umetoka kwenye sindano.

Mnamo Jumatatu, tarehe 13 Novemba, asubuhi, baba mdogo alimkalisha baba juu ya baiskeli ile ile ya mizigo, akamsukuma hadi kituo cha afya. Mimi nilikuwa shuleni. Iliasi, aliyesaidia kushika, ndiye aliyenieleza kwamba Kinesi Placide alipoona bega aliuliza: "Nani alichanja hapa?" Baba alikuwa na homa kali, hakujibu. Baba mdogo akasema: "Unatusingizia? Wewe ndiye ulimuchoma, hakuna mwingine!" Kinesi alisema yeye hana wembe na hachanji mtu. Baba mdogo akatoka, akaja hapa kwenu. Kabla ya adhuhuri Kinesi Placide alikuwa ameshawekwa ndani. Hayo sikuyaona, nimeyasikia kwa Iliasi.

Haya yanayofuata niliyaona. Mchana ule nilifika kituo cha afya kutoka shule. Muuguzi Yvette alikuwa amepasua jipu la baba na anaosha. Shangazi Mwanvua alikuwa ameshika beseni chini ya bega. Usaha ulitoka, kisha maji, kisha ndani ya maji yakatoka majivu meusi. Muuguzi aliosha tena, yakatoka tena. Yalitulia chini ya beseni jeupe.

Muuguzi Yvette aliyatazama, akamtazama shangazi, akaendelea kuosha. Shangazi naye aliyatazama. Beseni likainama mikononi mwake, maji yakamwagika kidogo kwenye miguu yake, nami nikaenda nikashika upande wa pili wa beseni.

Jumanne, tarehe 14 Novemba, nilipotoka shule shangazi alikuwa amepika wali na sombe, majani ya muhogo. Alipakua kwenye sahani ya bati yenye ua jekundu. Sahani ile ni ya wageni, sisi hatuli humo. Aliifunga kwa kitambaa, akaniambia: "Peleka polisi, kwa kinesi. Hapa Kasongo hana mama."

Nilileta. Polisi wa mlangoni aliniruhusu kusimama kwenye dirisha la mahabusu. Kinesi Placide alikuwa amekaa sakafuni. Alionekana mtu aliyechoka. Nilimpa sahani. Aliuliza chakula kimetoka wapi, nikamwambia.

Akasema: "Dada, usinielewe vibaya. Chakula cha nyumba inayonishitaki siwezi kula. Rudisha na asante."

Polisi wa mlangoni akasema: "Acha hapa basi, sisi hatuogopi kitu." Nilisema hapana, kwa heshima.

Nilipokuwa nageuka, Kinesi aliniita. Nilifikiri atanilaumu. Aliuliza: "Papa yako anakunja mukono?" Nikasema hapana, haugusiki. Akasema: "Homa ikishuka, akunje na kunyosha kiwiko, kidogo kidogo. Bega likikaa bila kutembea, litakauka. Kuna zoezi nilitaka kumuonyesha leo." Kisha akakaa tena chini. Hayo tu.

Nilirudi na sahani ikiwa imejaa. Shangazi alifungua kitambaa, akaona, akafunika tena.

Alasiri hiyo baba mdogo alipita nyumbani akasema Alhamisi asubuhi kinesi atapelekwa Kindu kwa pikipiki, kwa mwendesha mashtaka. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyemaliza kazi ngumu. Alikwenda kumwambia baba, aliyelala chumbani tangu arudishwe kutoka kituo cha afya. Baba aligeukia ukutani. Baba mdogo alidhani ni maumivu. Mimi nilijua baba hataki kumsema dada yake, na hataki pia kinesi aende.

Njia ya Kindu kila mtu anaijua, hasa wakati wa mvua. Mtu akipelekwa huko bila ndugu wa kumfuata, hajulikani atarudi lini, au kama atataka kurudi. Katika mji wetu hakuna kinesi mwingine. Baba anahitaji lile zoezi. Goti la Iliasi linangojea. Wanawake wanaobeba vitunga kwa kamba ya kipaji cha uso hukaa pale mlangoni kila Jumatatu na shingo zao, na Jumatatu hii walirudi nyumbani.

Nilimkuta shangazi jikoni anatwanga sombe. Nikamwambia: "Shangazi, kesho nitakwenda polisi."

Aliendelea kutwanga. Baadaye akauliza: "Utaandika yote?"

Nikasema: "Yote."

"Hata wembe?"

"Hata wembe. Lakini nitaandika pia kwa nini."

Aliweka mchi chini. Akasema: "Basi andika vizuri. Mimi sikusoma, na nikisema mbele ya polisi nitachanganya." Kisha akasema, si kwangu, ila kama anakisemesha kinu: "Alisema haihitaji dawa. Kumbe haikuhitaji."

Leo asubuhi niliamka nikamkuta amevaa kitenge chake cha sikukuu. Tumekuja pamoja. Yuko kwenye benchi hapo nje ya mlango. Ndani ya kitambaa alichoshika mna sahani ile ya wageni, imejaa chakula kipya, na chini ya sahani mna wembe na lile kopo la maziwa, na dawa iliyobaki. Ameleta mwenyewe. Sikumwambia.

Najua kwamba kwa kuandika hivi naweza kumtoa mtu mmoja kwenye sakafu ile na kumweka mwingine, na huyo mwingine ndiye aliyenilea. Jambo hili limeninyima usingizi. Nimejaribu kutafuta sentensi ambayo ingekuwa ya kweli na isiyomgusa, sikuipata. Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, Bwana Placide aachiliwe, kwa kuwa hakukata ngozi ya baba na alitukataza kupaka kitu. Pili, baba mdogo Djamali asihesabiwe kuwa mwongo. Alisema alichoamini, na anampenda ndugu yake. Tatu, afisa amwangalie shangazi yangu kabla ya kuamua. Yeye ni mtu aliyeona mgeni ameona haya, akataka kumsitiri. Kama kuna jina la kosa hilo katika sheria, mimi sijafundishwa.

Baada ya mtihani wa serikali ningependa, kama Mungu akijalia na njia ikipatikana, nijifunze kazi ya Kinesi Placide. Najua jambo hili haliko katika mashtaka. Nimeliandika kwa sababu afisa aliniuliza kama nina faida yoyote katika maelezo haya. Faida yangu ni hiyo, na bega la baba.

Nimefika mwisho wa niliyoyaona kwa macho yangu na niliyoyasikia kwa masikio yangu. Nimeyasoma tena tangu mwanzo na sina neno la kuondoa.

(Sahihi) Latifa Lukumani

MAONI YA AFISA

Maelezo yameandikwa na shahidi kwa mkono wake mbele yangu, na yamemalizika saa tano kasoro robo. Baada ya kuyasoma nilimwita ndani Bi. Mwanvua Ramazani, aliyekuwa benchini. Ameyakubali yote yaliyoandikwa juu yake, na ameweka alama ya kidole gumba kwenye ukurasa wa mwisho. Wembe na kopo la dawa vimepokelewa. Nimekwenda kituo cha afya. Muuguzi Yvette amethibitisha habari ya majivu, na uvimbe ukiwa umepungua nimeona mikato minane, miwili miwili, katika bega la mgonjwa, aliyeletwa kuoshwa kidonda. Mgonjwa, alipoulizwa, alikiri kwa kichwa. Mlalamikaji Djamali ameitwa kutoka sokoni, amesomewa maelezo. Ameomba kufuta mashtaka.

Bwana Placide Kalonda ameachiliwa saa nane mchana. Safari ya Kindu imefutwa. Alipoulizwa kama anamshitaki Bi. Mwanvua, alisema hapana. Aliomba tu kwamba mgonjwa aletwe Jumatatu kwa zoezi, na kwamba dada yake aje naye. Bi. Mwanvua ameonywa kwa mdomo na kuruhusiwa kwenda nyumbani na shahidi.

Vitu vilivyorudishwa kwa wenyewe: mkanda mmoja na viatu, mali ya Bwana Placide. Sahani moja ya bati yenye ua jekundu, mali ya Bi. Mwanvua, ikiwa tupu, chakula kikiwa kimeliwa na Bwana Placide mwenyewe, hapa mezani pangu, kabla hajatoka.

(Sahihi) Octave Sumaili, afisa wa upelelezi